"Soma Upate Raha"

Liko neno ambalo karibu kila mtoto wa vijijini kwetu hulisikia kabla hajajua kuandika jina lake: "Soma, mwanangu, upate raha." Mzazi hulisema kwa upendo, akiitazama mikono yake iliyopasuka kwa jembe. Sisi tulioshika chaki twalipinga neno hili, wala hatuoni haya kulipinga mbele ya wazazi wenyewe.

Raha ni nini? Ni mzigo kutuliwa. Aliyetoka shambani akaketi kivulini huona raha, na ni haki yake. Mungu mwenyewe aliiweka siku ya kupumzika. Bali raha ya mtu asiyechoka huchosha upesi, naye hutafuta nyingine, na nyingine tena, mpaka afike kilabuni. Furaha haiji kwa njia hiyo. Mama mwenye mtoto mchanga hana raha hata kidogo, usingizi hana. Lakini mwambieni abadilishane na mwenye kulala usiku kucha, mtasikia atakavyowajibu.

Hata lugha yetu yashuhudia. Tukimwita fulani mtu wa maana, hatusemi kwamba amestarehe. Twasema kwamba akiondoka, pengo lake litaonekana. (Wako wanaompa jina hilo kila mwenye gari, hao tuwaache.)

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na waraka ule wa sura nne tu umejaa furaha. Mtu akisema, "Huyo alikuwa mtume," basi na amsikilize Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna. Mwaka 1942 Wanazi walimfunga pamoja na wazazi wake na mkewe. Hao watatu walifia makambini. Yeye alifunguliwa mwaka 1945, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya aliyoyaona. Hakusema kwamba kambini palikuwa na furaha, hasha! Alisema kwamba aliyejua iko kazi au yuko mtu anayemngojea aliweza kustahimili mengi. Tena alifundisha kwamba furaha ikiwindwa hukimbia, bali humfuata aliyejitoa kwa kazi au kwa mwenziwe.

Twajua tutakavyojibiwa: "Mwalimu, njaa haina maana." Kweli. Hatusifu umaskini, wala hatumwambii mkulima anayepunjwa mizanini kwamba afurahi. Huyo na adai haki yake. Neno letu ni juu ya mtoto. Aliyeahidiwa raha, asipopata kiti cha ofisini, hurudi nyumbani kama mtu aliyetapeliwa, akamdharau baba aliyemsomesha kwa kahawa yake. Na akikipata kiti? Huketi akingoja saa ya kutoka, na kila mwenye shida afikaye mlangoni ni msumbufu kwake. Mnalalamika kwamba wauguzi wengine huwafokea wagonjwa. Je, hao hawakuambiwa utotoni kwamba wanasomea raha? Nayo shule impayo mchelewaji jembe kuwa adhabu yalitia muhuri neno lile la nyumbani, kwamba kazi ni mapigo.

Mzazi aonaye kwamba twamwonea na atuandikie. Ila kwanza amwulize mtoto wake jioni hii anasoma kwa ajili gani, atuletee jibu lile lile, asilitengeneze.