Dawa ya Moto Si Moto

Tangu Januari 2021 watu wengi wanamsifu Assane Diop, mwizi wa mchezo wa televisheni wa Kifaransa uitwao Lupin. Hata Wakristu wanamwita hodari. Sisi tunauliza: hodari wa kazi gani?

Tazameni sehemu ya kwanza. Assane, anayechezwa na Omar Sy, ni mtoto wa Babakar, dereva aliyetoka Senegal. Bwana wake, tajiri Pellegrini, alimsingizia kuwa ameiba mkufu wa malkia Marie-Antoinette. Babakar akadanganywa akiri kosa asilolifanya, akafa gerezani. Miaka 25 baadaye mkufu huo unauzwa kwa mnada katika jumba la Louvre, Paris. Assane anajifanya mfagiaji. Siku ya mnada anajifanya tajiri. Watu wanaomdai fedha anawashawishi waibe pamoja naye. Wao wanakamatwa na polisi. Mkufu wa kweli umelala ndani ya pipa la takataka, naye anauokota polepole.

Jambo moja mchezo huu umelisema sawa: hakuna anayemtazama mfagiaji usoni. Hapo na sisi tuone haya. Nani kati yetu anajua jina la mtu anayefagia kanisa letu?

Lakini wengine wanasema: «Aliyemwibia ni mwovu, dawa ya moto ni moto.» Sivyo! Nyumba ikiwaka, hatuleti kijinga kingine, tunaleta maji. Pellegrini mwenyewe alidanganya ili apate fedha za bima, na uwongo wake ukamwua dereva. Sasa mwana anashika silaha ile ile. Je, mkufu ule ulimrudishia baba jina lake jema? Hapana. Na katika sehemu ya 5 anayetekwa ni Raoul, mtoto wa Assane, asiye na kosa lolote.

Tena ulaghai wa kweli hauna muziki wala makofi. Waulizeni wazee wa Kinshasa habari za Bindo. Waliweka fedha zao kwa tumaini la faida kubwa; mwaka 1991 mambo yakaanguka, na wengi wakapoteza akiba yao. Nani aliwapigia makofi waliowadanganya?

Mtasema: «Mahakama inamsikia tajiri.» Mara nyingi ni kweli. Kwa hiyo Mkristu asimwache maskini asimame peke yake mbele ya hakimu. Babakar hakukosa mwizi wa kumlipizia kisasi. Alikosa shahidi mmoja wa kusema kweli siku ile.

Wazazi, msivunje televisheni. Mchezo ukiisha, waulizeni watoto: Nani amedanganywa? Nani amelipa? Amri ya saba na ya nane zinamfunga Pellegrini, zinamfunga Assane, na sisi tunaocheka pamoja nao.