SEHEMU YA 7: Kopo la maziwa lina orodha, pampu je?

Ile pampu inayosukuma dawa ya mtoto njiti kidogo kidogo ina kompyuta ndani. Simu ikiganda, unazima unawasha. Pampu haisubiriwi hivyo. Kila kazi ina sekunde yake, ikichelewa dozi inaharibika. Ndo maana inatumia mfumo endeshi wa wakati halisi.

Sasa sikieni. Julai 2019 wataalamu walitangaza mianya 11 ya usalama kwenye IPnet, programu ya mtandao iliyokuwa ndani ya mfumo wa VxWorks. Oktoba, FDA ya Marekani ikaonya: programu hiyo imo kwenye mifumo mingine pia, na baadhi ya watengenezaji wa vifaa bado wanaitumia hata kama aliyeiunda haihudumii tena. Hospitali itajuaje kama na pampu yake imo?

Msimamo wangu: mashine ya mgonjwa ije na orodha ya programu zilizomo, kama kopo la maziwa linavyoandikwa viambato. Na ijengwe kwa viwango vya wazi, kama POSIX, ili mfumo mmoja ukiachwa, iwe rahisi kuhamia mwingine.

Wapo wanaosema kuficha ndo usalama. Kwani mianya ile haikuwa imefichika miaka yote?

Pampu msiiogope, inaokoa watoto. Ikipiga alamu, tuiteni. Ila mlio kwenye kamati za vituo na mnaochangia vifaa, msiulize bei tu. Ulizeni: orodha iko wapi?