Pua Nyekundu ya Sanamu

Sogezeni vigoda. Leo nina swali moja kwa baba na mama, lakini kwanza nitawasimulia kisa, maana swali tupu halishuki kooni.

Kisa chenyewe kimo katika kitabu cha Mjerumani mmoja, Erich Kästner, kilichotolewa mwaka 1929. Kinaitwa Emil und die Detektive, yaani Emil na Wapelelezi. Na wapelelezi hao msidhani ni askari wenye masharubu. Ni watoto watupu!

Emil ni mwanafunzi katika mji mdogo. Baba yake, fundi wa bati, amekwisha kufa. Mama yake huosha na kutengeneza nywele za wanawake, na kwa kazi hiyo wanakula na kuvaa. Emil aijua taabu ya mama yake, basi husoma kwa bidii na kumsaidia kazi za nyumbani. Mtoto mwema kabisa, sivyo? Ndivyo. Lakini ana siri.

Siku moja yeye na wenzake wa shule waliiendea sanamu ya mtawala wa zamani. Wakaivika kofia kuukuu, kisha wakampandisha Emil, maana ndiye fundi wa kuchora. Akampaka mtukufu yule pua nyekundu na masharubu meusi! Mara askari akatokea. Wakatawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Tangu siku hiyo Emil akiona kofia ya askari, tumbo humpiga ngoma.

Haya. Likizo ikafika. Mama akamtuma Berlin kwa bibi yake, akampa Mark 140: 120 za bibi, 20 za Emil mwenyewe. Emil akazitia ndani ya koti, akazibana kwa pini. Katika gari la moshi akakaa na bwana mmoja mwenye kofia ngumu, mkarimu sana, akampa na chokoleti. Usingizi ukamchukua kijana. Alipoamka, bwana hayupo. Fedha nazo hazipo!

Sasa wewe msomaji, ungefanyaje? Bila shaka ungemwita askari. Emil hakuthubutu. Alijiona mhalifu: nani atamsadiki mchafuzi wa sanamu? Lo! Mwivi anatembea kifua mbele, na mwenye mali anajificha, kwa ajili ya pua ya sanamu. Cheka, ndugu, lakini usicheke mpaka mwisho.

Emil akamfuata mwivi peke yake, katika mji asioujua. Kwa bahati akakutana na Gustav, kijana mwenye honi, naye akawaita rafiki zake. Mmoja waliyemwita Dienstag mdogo akapewa kazi ya kukaa nyumbani kungoja simu. Wenzake wako nje kwenye raha ya msako, yeye kakaa kando ya simu ya waya, wala hakubanduka! Asubuhi mwivi alipotoka hotelini, akaandamwa na watoto wapata mia. Akienda, wanakwenda, akisimama, wanasimama. Akakimbilia benki kubadili noti. Hapo Emil akaeleza kuwa noti zake zina matundu ya pini. Zikatazamwa, matundu haya hapa! Kumbe bwana yule alikuwa akitafutwa kwa wizi wa benki, na Emil akapewa zawadi ya Mark 1000. Alimfikiria nani? Mama yake: mashine ya kukaushia nywele, na koti la kumkinga na baridi.

Basi sasa swali langu. Mtoto wako akivunja mtungi, anakuja kwako, au anakimbilia kwa jirani?

Tazameni: Emil aliwafungulia siri yake vijana aliokutana nao siku ile ile, wala hakuweza kumwambia mtu mzima mwenye nguvu ya kumsaidia. Aliibiwa, akanyamaza. Na watoto wetu je? Mtoto aliyezoea kupigwa mno kwa kosa dogo hujifunza kitu kimoja tu, nacho ni kuficha. Kesho mtu mbaya akimfuata njiani na peremende, au mkubwa akimtendea uovu, ataficha vile vile. Atasema moyoni: "Baba atauliza nilipita njia ile kwa nini." Hapo si pua ya sanamu tena, wazazi. Hapo ni maisha ya mtoto.

Najua mzee mmoja ataguna: "Samaki mkunje angali mbichi!" Kweli, mzee wangu, mkunje, lakini aliyesema mkunje hakusema mvunje. Aliyechafua sanamu apewe ndoo na kitambaa, aisugue mpaka ing'are. Ila akija mwenyewe kuungama kosa, kwanza mshukuru, ndipo adhabu ifuate, tena ndogo. Katika kitabu kile yumo kijana mwingine, waitwaye naye Profesa. Baba yake alimtaka ahadi tu: asitende akiwa mbali lile ambalo asingelitenda baba akiwapo. Akatoka usiku ule bila kutetemeka, na ahadi yake hakuivunja.

Nanyi vijana, mficha maradhi kifo humuumbua. Semeni mapema, kosa lingali dogo. Kiboko cha leo ni chepesi kuliko hofu ya mwaka mzima.

Bibi yake Emil naye alitoa fundisho lake: fedha zipelekwe kwa posta! Siku hizi tungesema kwa simu. Pini, jamani, haifai kitu mbele ya chokoleti.

Kwaherini, hata juma lijalo.