Spika za Jukwaani Kwa Keja? Naam, Lakini Uzisikize kwa Adabu

Kila mtu akiingia kwangu lazima aulize: "Hizi spika umetoa kanisa gani?" Ni mbili, nyeusi, za inchi 10, ziko na vishikio na wavu wa chuma mbele, kama zile za harusi na matanga. Na mimi nakaa bedsita. Wacheke tu. Msimamo wangu ni huu: kama unapenda muziki na mfuko wako ni mwepesi, spika ya jukwaani iliyotumika lakini nzima inashinda ile sabwufa ya mataa ya rangi mnayokimbilia Luthuli Avenue.

Tuanze na wati, maana hapo ndipo watu huuziwa hewa. Sanduku limeandikwa wati 10,000 PMPO. Hiyo ni namba ya kuuzia. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma uone inakula umeme kiasi gani. Ukipata wati 60, basi hakuna muujiza humo ndani.

Cha kuuliza ni hiki: nikiipa spika wati moja, nikae mita moja, itatoa desibeli ngapi? Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 85 na 88. Nyingi za jukwaani zinapita 95. Unaona kama tofauti ndogo, sivyo? Desibeli 10 maana yake ile ya nyumbani inataka nguvu mara 10 ndiyo ifikie sauti ileile. Niliacha chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Ndio maana spika ya jukwaani ikicheza polepole haitoki jasho. Ngoma inapiga safi, mwimbaji unamsikia hadi anapovuta pumzi.

Halafu kuna ile honi ya juu. Inaelekeza sauti mbele, kwako, badala ya kuimwaga kwa kila ukuta. Kwa chumba cha mawe kisicho na zulia wala pazia nzito, hiyo ni baraka.

Na hii si ushamba wa Nairobi. Miaka ya 1940 kampuni ya Altec Lansing ya Marekani ilitengeneza spika za kumbi za sinema, zikaitwa Voice of the Theatre. Baadaye wapenzi wa muziki wakaanza kuziingiza sebuleni, na mpaka leo kuna wanaozitafuta.

Sitakudanganya kwamba hazina kasoro. Sura, hakuna. Nyingine zina feni inayovuma, na ukikaa karibu unaweza kusikia "ssss" wimbo ukiisha. Besi ya chini kabisa pia hazina. Ya inchi 10 imeundwa ipige kwa nguvu, si izame sana. Kwa ploti zetu, hiyo ya mwisho mimi naiita faida. Wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Ukuta wa inchi sita utalizuia na nini?

Hapo ndipo nataka tuongee ukweli. Ukuta wangu ni ukuta wa mtu mwingine. Upande huu kuna mama na mtoto mchanga, upande ule kuna soja anayelala mchana kwa sababu usiku analinda mali za watu. Kanuni za kelele za 2009, zile za NEMA, zinaweka desibeli 50 nje kwenye makazi mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Lakini hata bila NEMA, huyo soja ni mtu. Kuwa na spika inayoweza kujaza uwanja si ruhusa ya kuujaza.

Na kuna masikio yako. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, NIOSH, wanasema desibeli 85 ni saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu. Piga hesabu: 97 ni dakika 30 tu. Sasa kumbuka spika ya desibeli 97 inafika hapo kwa wati moja, ukiwa mita moja. Wati moja! Na kwa sababu haikwaruzi, hakuna kitu kitakuambia punguza. Sabwufa mbovu angalau hulia ikichoka. Hii itakuumiza ikiwa imetulia.

Kwa hivyo ukienda kununua, beba wimbo unaoujua vizuri. Sikiza kila spika peke yake, kwanza chini, halafu juu. Ikikwaruza au twita ikiwa kimya, rudi nyumbani na pesa zako. Ukiipata nzima, iinue ifike usawa wa masikio, isogeze mbali na ukuta wa jirani, kisha weka alama kwa kitufe cha sauti mahali ambapo bado mnaweza kuongea bila kupaza sauti.

Usipite hiyo alama. Anayetaka kusikia ngoma zako, mfungulie mlango.