Kifo cha Kwanza Bandani Kitangazwe

Ndugu wafugaji wa nguruwe, kuanzia Kyela na Mbozi hadi Mbinga na Mbulu, na ninyi wachuuzi, wenye mabucha, wenye baa na vijana wa pikipiki mnaomhamisha mnyama huyu kutoka kijiji hadi kijiji: ninawaomba jambo moja. Nguruwe akifa ghafla, taarifa imfikie afisa mifugo siku hiyohiyo, kabla wenzake hawajauzwa, hawajachinjwa wala hawajavushwa barabara. Mengine yote nitakayosema yanatokana na ombi hilo.

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba. Chanjo ambayo serikali yetu ingeweza kuisambaza vijijini kwa uhakika bado hatuna. Vietnam imeidhinisha chanjo zake tangu 2022, lakini zilitengenezwa dhidi ya aina moja ya kirusi, na Tanzania ina aina zaidi ya moja. Binadamu haimdhuru, na pengine ndiyo sababu haitutishi vya kutosha. Bandani ni kilio. Nguruwe anapata homa kali, anaacha kula, anajikunyata na wenzake pembeni, masikio na tumbo vinageuka rangi ya zambarau, wengine wanaharisha damu, jike mwenye mimba anaitoa. Ndani ya siku chache banda zima linaweza kubaki tupu. Wapo pia wanaokufa bila dalili yoyote, jioni anakula pumba, asubuhi ameshakauka.

Tunajua nguruwe ana maana gani kwetu. Jike anabeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, anazaa watoto wanane, kumi, hata kumi na wawili. Hakuna mnyama mwingine wa kufugwa nyuma ya nyumba anayemwezesha mama kulipa ada ya mtoto mwezi Januari kwa haraka hivyo. Nchi hii ina nguruwe zaidi ya milioni 3, wengi wao wakiwa wa watu wenye wawili, watatu, watano. Mwenye watano akipoteza watano, hana benki wala bima ya kumrudisha alipokuwa.

Sasa tusemezane ukweli kuhusu kinachotokea siku ya kifo cha kwanza. Mara nyingi hatupigi simu kwa afisa mifugo. Tunampigia mchuuzi. Anakuja jioni, bei imeshashuka, nguruwe waliobaki wanafungwa kamba na kupakiwa kwenye pikipiki au nyuma ya kirikuu, na kufikia alfajiri wako wilaya nyingine. Wanaonekana wazima. Lakini kirusi kinaweza kukaa mwilini kati ya siku 4 na 19 kabla mnyama hajaonyesha dalili, na zile siku za kuonekana mzima ndizo siku za safari. Anachinjwa chini ya mwembe, damu inatiririka mferejini, na damu ndiyo inayobeba virusi kwa wingi kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake. Nyama inaenda kuwa kitimoto. Makombo ya baa, pamoja na mifupa na mabaki mabichi ya jikoni, yanakusanywa kwenye ndoo kupelekwa kwa nguruwe wa mtaa wa pili. Kuiva vizuri kunakiua kirusi. Kugandishwa hakukiui, na kwenye nyama iliyoganda kinaweza kuishi miaka.

Kwa njia hiyo, mfugaji aliyetaka kuokoa shilingi zake chache amewaangusha wafugaji asiowafahamu. Simlaumu. Anayeona mali yake inateketea ana haki ya kutafuta pa kushika. Ila tukiendelea kujiokoa mmoja mmoja, tutaangamia wote kwa zamu.

Tuliliona hilo kwa macho yetu. Mwishoni mwa 2010 ugonjwa ulilipuka wilayani Kyela, jirani na mpaka wa Malawi. Hadi kufikia 2012 ulikuwa umeshafika Dar es Salaam. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipochunguza vinasaba vya kirusi walikuta ni kundi la II, lile lililokuwa likisumbua Msumbiji na Madagaska. Ngiri, anayekibeba kirusi hiki porini, hatembei kutoka Kyela mpaka Dar es Salaam. Nguruwe na nyama yake walisafirishwa, na waliowasafirisha ni watu.

Kundi hilohilo la II ndilo lililovuka bahari na kuingia Georgia mwaka 2007, likaenea Urusi, mwaka 2014 likabisha hodi Poland na nchi za Baltiki, na Agosti 2018 likaingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Katika muda wa mwaka mmoja hivi China ilipoteza takriban asilimia 40 ya nguruwe wake. Nchi ile ina maabara, fedha na watumishi kutushinda mbali. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kijijini kwamba tatizo letu ni umaskini tu, na kwamba siku serikali ikinunua mashine kubwa mambo yatatulia.

Mashine tunazo kwa kiasi. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina vituo vya kanda, kimoja kiko Iringa, karibu kabisa na mikoa inayofuga nguruwe kwa wingi. Maafisa mifugo katika halmashauri nyingi wanatuma taarifa kwa simu ya mkononi kupitia programu ya EMA-i iliyoletwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na taarifa inafika wizarani bila kusubiri barua. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, inayomtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kutolewa taarifa aseme, na inayompa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo nguvu ya kuweka karantini. Ngazi zote hizo, kutoka kata hadi Dodoma, zinasubiri neno moja kutoka bandani. Lisipotoka, wizara inajua ugonjwa umeingia pale soko linapokuwa limeshautawanya.

Na neno hilo lazima liwahi. Homa hii inafanana kwa dalili na magonjwa mengine ya nguruwe, na hata daktari mzoefu hawezi kuapa kwa kuangalia ngozi peke yake. Maabara inahitaji damu au kipande cha bandama kilichochukuliwa na mtaalamu na kuhifadhiwa kwenye baridi. Mzoga uliokaa siku tatu juani hausaidii sana. Nawasihi pia: msiupasue wenyewe kutafuta sababu ya kifo. Kisu kikishafungua tumbo, damu iko kwenye buti, kwenye mikono, kwenye mbwa aliyekuja kulamba, na ugonjwa umepata miguu mingi ya kutembelea. Ufunikeni, zuieni mbwa na kuku, subirini mtaalamu. Akishachukua sampuli, shimo liwe refu, mbali na kisima na mto, chokaa imwagwe juu, kisha udongo.

Wapo watakaouliza kama juhudi hizi zinazaa chochote. Hispania iliingiliwa na homa hii mwaka 1960 na ikateseka nayo zaidi ya miaka thelathini. Kuanzia 1985 walifanya mambo matatu kwa pamoja: timu za madaktari wa mifugo zilizozunguka mashambani kupima damu, fidia kwa mfugaji aliyechinjiwa nguruwe wagonjwa, na vyama vya wafugaji vilivyosimamia usafi wa mabanda ya wanachama wao. Mwaka 1995 walitangaza kwamba wameutokomeza. Kwa maoni yangu fidia na vyama ndivyo vilivyoleta tofauti kubwa, kwa sababu vilimfanya mfugaji awe upande wa kipimo badala ya kukikimbia.

Kwetu kazi ni ngumu zaidi, na hatuna budi kulikubali hilo. Hapa ni nyumbani kwa ugonjwa huu. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na daktari wa mifugo Montgomery, kutokana na nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Ngiri wanaubeba bila kuumwa, na papasi wanaoishi kwenye mashimo yao wanaupokezana kizazi hadi kizazi. Hakuna serikali itakayomaliza ngiri wa Ruaha na Katavi, wala isijaribu. Ndiyo maana ufuatiliaji wa ugonjwa huu hauwezi kuwa kampeni ya miezi sita yenye fulana na mabango. Utakuwepo maadamu tunafuga. Ila Montgomery mwenyewe aliona kwamba nguruwe waliozungushiwa uzio wakatengwa na ngiri walisalimika, na uzio wa mabanzi hauhitaji mfadhili.

Kabla sijaeleza nani afanye nini, kuna jambo linalowahusu hata wasiofuga. Nguruwe wanaozurura wakila kinyesi cha watu wenye minyoo ya tegu wanapata viluwiluwi vyake, na anayekula nyama yao isiyoiva anapata tegu. Mtu akimeza mayai ya tegu, viluwiluwi vyake vinaweza kujenga ubongoni na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya kifafa inatokana nao, na Mbulu, Mbozi na Mbinga ni miongoni mwa maeneo yetu yaliyofanyiwa utafiti kwa miaka. Kwa hiyo banda lililofungwa, choo kinachotumika na mkaguzi wa nyama mwenye muhuri wake vinamlinda pia mtoto wa jirani asiyemgusa nguruwe kabisa.

Wafugaji, tuwafunge nguruwe wetu. Tuache kuazimana dume la kupandisha wakati kuna vifo visivyoeleweka katika kata, maana dume linalozungushwa nyumba kwa nyumba huzungusha na ugonjwa. Makombo yachemshwe nusu saa huku yakikorogwa, au yasitolewe kabisa. Mlangoni pawe na beseni la dawa ya kuua vijidudu, na buti zioshwe mavi kwanza, kwa kuwa dawa haipiti kwenye uchafu. Sindano iliyotoka banda la jirani isiingie lako. Wachuuzi, msimbebe nguruwe asiye na kibali cha kusafirisha, hata bei ikiwa ya kutupa, na hasa bei ikiwa ya kutupa. Wenye mabucha na baa, kataeni nyama isiyo na muhuri. Mkikataa ninyi, yule mchuuzi wa usiku hana pa kwenda.

Na serikali yetu nayo ina deni. Mfugaji akitoa taarifa, apate jibu. Sampuli ikienda Iringa, majibu yarudi kijijini kwa lugha inayoeleweka, hata kama ni kusema haikuwa homa. Karantini itangazwe pamoja na tarehe ya kuitathmini upya, si kuachwa ining'inie hadi watu waivunje kwa njaa. Afisa mifugo anayehudumia kata nzima kwa miguu apewe pikipiki na mafuta yake. Juu ya yote, halmashauri zetu zitenge fedha za kumshika mkono aliyechinjiwa nguruwe kwa manufaa ya wengine. Mtu aliyemwita mtaalamu, akapoteza nguruwe wake wote kwa amri, kisha akaondoka mikono mitupu, mwakani hatamwita mtu, na majirani zake waliomtazama hawatamwita pia. Vikundi vyetu vinaweza kuanza kuchangishana kidogo kwa kila nguruwe anayeuzwa, lakini mfuko wa kijiji hautatosha peke yake, na madiwani waambiwe hivyo wazi.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao, mtu mmoja kati yetu anyanyue mkono na kuomba ajenda ya nguruwe iandikwe kwenye muhtasari: namba ya simu ya afisa mifugo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwenye bucha na kwenye mlango wa kila baa, wachaguliwe wafugaji wawili kila kitongoji wa kupokea habari za vifo, ikubaliwe kwamba kifo kikitangazwa hakuna nguruwe anayetoka kijijini hadi majibu yapatikane, na diwani aulizwe, mbele ya watu wote, fedha za fidia zitaingia katika bajeti ya mwaka gani.