Picha za Vitabu vya Sayansi si Pambo

Picha katika kitabu cha sayansi cha shule ya msingi ni sehemu ya somo. Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka 1658 Jan Amos Comenius, mwalimu mzaliwa wa Moravia, alichapisha mjini Nuremberg kitabu cha watoto, Orbis Sensualium Pictus, ambamo vitu vilivyochorwa vilitiwa namba, na namba hizohizo zikawekwa penye majina yake kwa Kilatini na Kijerumani. Inasikitisha kwamba hata leo vipo vitabu ambavyo mwandishi humaliza kazi kwanza, ndipo mchoraji akaitwa kuziba nafasi zilizobaki.

Hasara yake huonekana kwa mbu. Mtoto wa pwani humjua mdudu huyu kabla hajajua kusoma. Asichokijua ni kwamba kiluwiluwi wa anofelesi, jamii inayoambukiza malaria, hulala sambamba na uso wa maji, ilhali yule wa kuleksi, jamii nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini, akipumua kwa mrija ulio karibu na mkia. Anofelesi mpevu naye akitua, huinua mkia mwili ukakaa mshazari. Kuyaeleza hayo kwa maneno matupu ni kumchosha mtoto; michoro miwili iliyowekwa bega kwa bega humaliza kazi. Mchoraji anayembandika mbu yeyote kwenye ukurasa wa malaria amefundisha uongo, hata kama amechora kwa ustadi. Na akimchora mkubwa kama panzi, hana budi kuonyesha amemkuza mara ngapi.

Moyo nao una mitego yake. Upande wake wa kushoto huchorwa kuliani kwa msomaji, kwa kuwa mwenye moyo anatazamana naye, na vena hutiwa rangi ya buluu. Pasipo maelezo, mtoto huondoka akiamini kuwa mwilini mna damu ya buluu. (Watu wazima wenye imani hiyo si haba.) Mwezi vilevile huchorwa karibu na dunia, ingawa kati yao zingeweza kupangwa dunia 30 hivi. Ukurasa hautoshi, ni kweli; basi na iandikwe chini ya picha kwamba umbali haukufuata kipimo.

Kwa hiyo yawapasa wachapishaji kuwaketisha mchoraji na mwandishi pamoja tangu mwanzo, na kuwaonyesha watoto rasimu kabla haijaenda mtamboni. Mzazi naye, akiwa dukani, asihadaike na karatasi ya kung'aa. Mchoro wa wino mweusi wenye majina na vipimo sahihi wamfaa mtoto kuliko rangi nyingi zisizoeleza kitu. Afunike maandishi kwa kiganja, amwulize mtoto anaona nini. Na pale ambapo watoto watano hugombea kitabu kimoja, mwalimu aukuze mchoro kwenye karatasi ya manila, pamoja na majina na kipimo chake, autundike ukutani hadi mada iishe.