FUKWE 10 BORA ZA ZANZIBAR: BORA KWA NANI?

Najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Umeme wa Bariadi mnaujua, na kazi za gazeti nazo mnazijua... ukitoka kwenye mnada wa ng'ombe unakimbizwa kwenye kikao cha baraza la madiwani, ukirudi unaambiwa habari ni fupi. Leo sitaki kuzungumzia madiwani. Leo nataka kukiri dhambi, halafu nigombane na watu wa kazi yangu.

Dhambi yenyewe ni hii. Mwaka 2023, kabla ya msimu wa pamba, mhariri wangu alinipigia simu akataka "kitu chepesi" cha kujaza ukurasa wa mapumziko: fukwe 10 bora za Zanzibar. Nikamwambia mzee, mimi niko Bariadi, bahari nimeiona mara mbili tu nikiwa chuo, na mara zote ilikuwa Dar. Akanijibu kwa upole kabisa: "Si una intaneti?"

Basi nikaandika. Kwa saa mbili nikiwa na chai na maandazi nilipanga Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani, Matemwe, Kiwengwa na wenzao kama mtu anayepanga msimamo wa Ligi Kuu. Jambiani nikaipa namba moja. Kwa nini? Kwa sababu picha niliyoiona ilikuwa nzuri. Nikaandika "mchanga mweupe kama unga wa muhogo" na "maji ya rangi ya feruzi". Wadau, feruzi sijawahi kuiona mpaka leo. Nilitafsiri tu neno la Kizungu.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Kuna fundi cherehani mmoja hapa mjini, jina lake naliacha, ambaye pia analima pamba ekari chache huko Itilima. Mwaka ule alivuna vizuri, akauza, akafunga ndoa. Akakata ule ukurasa wangu, akauweka kwenye daftari la vipimo vya wateja. Yeye na mkewe hawakuwa wameiona bahari maishani mwao. Wakapanda basi alfajiri, zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar es Salaam, kesho yake boti mpaka Unguja, wakalala nyumba ya wageni ya bei nafuu mjini. Fedha iliyobaki ilitosha siku moja tu ya ufukweni. Wakachagua namba moja ya mwandishi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Agosti 2023. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Mtu wa pwani akisoma sentensi hiyo ameshaanza kucheka, au kusikitika. Sisi wa bara haituambii kitu.

Walipanda daladala la Jambiani, wakafika kama saa 4 asubuhi. Njia ya kwanza waliyoijaribu kwenda pwani ilipita ubavuni mwa hoteli moja, mlinzi akawauliza "mnaenda kwa nani?" kama vile bahari ina mwenyeji wa kumpigia hodi. Wakazunguka, wakapita katikati ya nyumba za kijiji, wakatokea ufukweni. Hakuna bahari! Ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga, vidimbwi vya maji ya kufika kifundoni, na mbali kabisa kule kwenye mwamba ndiyo kuna mstari mweupe wa mawimbi. Upepo unapiga mchanga usoni. Wakaanza kuyafuata maji kwa miguu, shemeji akakanyaga vile viduara vyeusi vyenye miiba, fundi akambeba mgongoni kurudi nchi kavu. Saa 9 alasiri wakaondoka kuwahi gari la kurudi mjini. Yaani maji ndiyo yalikuwa yanarudi, na wao ndiyo wanaondoka.

Jioni ile akanipigia. Hakutukana. Aliniuliza tu: "Kaka mwandishi, bahari yako iko wapi?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Baadaye sikucheka.

Haya, tuingie kwenye ugomvi. Jambo ambalo kila mtoto wa Jambiani analijua, na ambalo halikuwa kwenye orodha yangu wala kwenye orodha yoyote niliyoiiba, ni kwamba bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6, na kila siku muda unasogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4 za kwenda juu. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haitembei sana. Tena bamvua ya Unguja ina saa zake. Maji hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi na hujaa kama saa 10 jioni. Hesabu sasa mwenyewe fundi wangu alifika saa ngapi na akaondoka saa ngapi.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani mpaka Matemwe huko juu, mchanga wake ni tambarare na mwamba uko mbali, kwa hiyo maji yakipwa yanakimbia mamia ya mita. Nungwi na Kendwa kule kaskazini kina kinaanza karibu, unaweza kuoga karibu saa yoyote. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa watu wengi huzipenda hizo mbili, si mchanga! Mchanga mweupe upo kote. Sasa niambieni, orodha inayompangia mtu ufukwe bila kumwambia saa ya maji ina tofauti gani na ratiba ya basi isiyo na saa ya kuondoka?

Halafu kuna upepo. Kusi huvuma katikati ya mwaka kutoka kusini mashariki na kuipiga pwani ya mashariki kifua wazi. Wale vijana wa Ulaya wanaoruka na tiara juu ya maji pale Paje wanautafuta upepo huo kwa udi na uvumba. Kwao ni ufukwe bora, sawa. Lakini nani huwa na fedha Simiyu mwezi Julai na Agosti? Mkulima wa pamba! Fedha yetu inaingia wakati wa kusi, na wakati huohuo Wazungu wako likizo na bei za vyumba zimepanda. Orodha hizi zimeandikwa kwa kalenda ya mtu mwingine, na sisi tunazinakili mpaka nukta. Kaskazi ya Desemba hadi Februari, bahari ya joto na anga safi, huku kwetu mtu anapalilia. Masika ya Machi hadi Mei bei ni nafuu lakini mvua haikupi nafasi, na baadhi ya hoteli hufunga. Na kama safari yako inaangukia Ramadhani, jua kwamba mchana kijijini hutapata pa kula hadharani, wala usijaribu. Hayo nayo si mambo ya kumwambia msafiri?

Januari 2024 nilichukua likizo nikaenda mwenyewe, kwa fedha yangu. Nilichagua makusudi tarehe 25, mwezi mpevu, nikafika Jambiani asubuhi kama fundi. Nikaona kile alichokiona, ila safari hii nilikaa mpaka jioni. Na nilichokiona baada ya hasira kupungua ni kwamba ufukwe "uliokauka" ulikuwa umejaa watu kazini. Wanawake wameinama kwenye mistari ya kamba na vigingi wakifunga mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara upande huo mwaka 1989, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Mwani huo unasafirishwa nje, unatolewa utomvu unaotumika kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Aina yenye bei nzuri hufa kirahisi maji yakipata joto, na miaka ya karibuni maji yamepata joto, kwa hiyo wengi wamebaki na ile ya bei ya chini. Wengine walikuwa na vyuma wakitafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba.

Nikamsalimia bibi mmoja aliyeketi kwenye rundo la mwani. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, watoka bara? Nikamweleza kazi yangu na ile orodha, kwamba pwani yake niliipa namba moja. Akaniuliza: "Namba moja ya kuogea au ya kulimia?" Nikakosa jibu. Akaendelea kufunga mwani wake.

Wapo watakaosema naliza watu bure, orodha ni burudani tu, msomaji mwenye akili atafanya utafiti wake. Mhariri wangu ndivyo alivyosema. Samahani mzee wangu, sikubali. Mtu wa Upanga anaweza kukosea ufukwe Jumamosi hii akajaribu mwingine mwezi ujao. Fundi wa Bariadi ana siku moja. Gazeti alilinunua kwa sababu anaamini kilichochapwa kimehakikiwa na mtu. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwa huyo mtu. Na lugha nayo! Tungemwandikia Kiswahili chake chenye bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, angeelewa kila kitu. Sisi tukampa feruzi.

Mwingine atasema: kwani Simiyu hamna maji? Tunayo. Tangu mkoa huu uanzishwe mwaka 2012 tuna wilaya ya Busega inayogusa Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke, ukifika Lamadi upepo wa ziwa unausikia. Ziwa halina kupwa wala kujaa kwa kukuharibia siku. Lina kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji tulivu yenye majani, palepale watoto wanapopenda kuoga, na bado kuna mamba na kiboko. Dawa ipo, lakini onyo lipo wapi? Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au bahari huku Bara. Ni habari ambayo mwandishi yeyote wa mkoani anaweza kwenda na futi kamba akaipima. Hakuna aliyewahi kunituma!

Mkitaka maoni yangu sasa, baada ya kwenda, haya. Mwenye siku moja na fedha ya pamba ya Agosti, apande daladala namba 116 aende Nungwi, alale nyumba ya wageni ya kijijini badala ya hoteli, na akipata nafasi apite kwa mafundi wa majahazi, watamfurahisha kuliko mchanga. Mwenye siku tatu aende Jambiani lakini atazame mwezi kwanza. Asiyependa makelele aende Pemba, Vumawimbi, karibu na msitu wa Ngezi, ufukwe ambao orodha nyingi huusahau kwa kuwa hauna hoteli nyingi za kuusemea. Kizimkazi mimi niliipenda kwa msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, kuogelea sikuogelea. Hizo si namba moja mpaka nne. Ni nilikofika, na nimewaambia nilifika lini. Vumawimbi sikufika, nimeambiwa na mtu wa Wete ninayemwamini, basi lijueni hilo.

Fundi nilimtafuta niliporudi. Nikamkuta anashona sare za shule, mkewe anafunga vifungo. Nilimpelekea jedwali la maji kujaa na kupwa linalotolewa na Mamlaka ya Bandari, nikamwonyesha namna ya kulisoma. Akaliweka kwenye lile daftari la vipimo. Anasema wanaweka tena akiba, pamba ikikubali.

Wiki iliyopita simu ikaita. Mhariri anataka kitu chepesi kwa ajili ya Ijumaa: visiwa 5 bora vya Ziwa Victoria. Nimemwambia Ukara, ambako MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, siwezi kumtuma msomaji kabla sijapanda mimi mwenyewe kivuko cha Kisorya na kile cha Ukara na kuona maboya ya kujiokolea yako wapi. Nimeomba nauli na siku 3. Mpaka naandika haya sijajibiwa.

Nawasilisha.